Kiwanda Nilichokiondoa Kwenye Utafiti Wangu

Mpendwa Mjomba,

Sijawahi kukuandikia barua. Ulipokuwa hai tulipigiana simu, nawe uliongea kwa sauti ya juu mno, kana kwamba kutoka Kitale hadi Bungoma sauti ilibidi itembee yenyewe njia nzima. Mama alikuwa akicheka huko jikoni na kusema hana haja ya kuuliza umesema nini. Sasa imebidi niandike, na naandika hadharani, mtu yeyote asome, kwa sababu jambo nililokuficha wewe niliwaficha na wengine pia.

Wasiokujua nawaeleza kwa ufupi. Wewe ni ndugu ya mama yangu, kitinda mimba wa nyumba yao ya kijijini Matulo. Kwa miaka ishirini na minane ulifanya kazi katika kiwanda cha ngozi nje ya mji wa Kitale, na kazi yako haikuwa kushika ngozi bali kutunza maji. Maji yaliyokwisha kuoshewa ngozi, yenye chokaa, nywele na dawa, yalipitishwa kwenye mabwawa matatu kabla ya kuachiliwa kwenye kijito kinachoshuka mashambani. Kwenye bwawa la kati kulikuwa na mashine mbili za kupuliza hewa ndani ya maji. Zikifanya kazi, uchafu unaoza na kuisha, na maji yanatoka yakiwa salama. Zisipofanya kazi, mabwawa yanabaki kuwa mashimo tu ya kupitishia uvundo. Wewe ndiye uliyeziwasha mashine hizo, na wewe ndiye uliyezizima.

Nakukumbuka kwanza kwa harufu, na najua hutakasirika. Kila mwisho wa mwezi ulikuja kututembelea Bungoma, katika nyumba yetu ya kupanga karibu na msikiti. Kabla hujaingia ulivua koti ukalitundika kwenye kamba ya nguo, ukanawa mikono kwa ndimu pale mferejini. Bado harufu ya kiwanda iliingia nawe. Siku moja jirani yetu Bi Zainabu, aliyeuza vitambaa sokoni, alikuja bila kusema neno, akalichukua lile koti, akalifukiza udi mpaka likanukia kama la bwana harusi. Ulirudi nalo Kitale. Mwezi uliofuata ukatusimulia jinsi wenzako kazini walivyokuzunguka wakitaka kujua umeoa mke wa pili lini. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na kila ulipokuja ulitaka nikueleze nilichosoma mwezi ule. Wewe shule ulikuwa umeiachia kidato cha pili. Ulikaa ukanisikiliza hadi mwisho, na nikikimbiza maneno ulinisimamisha: "Pole pole. Nieleze kama mtu hajui." Nimepata walimu wengi baada yako, Mjomba, wengine wenye majina makubwa. Sikumbuki mwingine aliyenisikiliza hivyo.

Likizo moja, nikiwa na miaka kumi na miwili hivi, ulinichukua nikakaa kwako wiki nzima, na Jumapili mchana ukanipeleka kuona mabwawa. Mashine zilikuwa zikivuma, maji yakitoa povu jeupe. Kwenye bwawa la tatu palikuwa na bata wa porini, nawe ulinionyesha mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Ulisema maji yangekuwa mabaya, ndege hao wangekuwa wameshahama. Nilikuona siku ile una fahari. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa meneja wa zamani.

Miaka ikapita, nikawa mhadhiri wa biashara, nikaanza utafiti wa shahada ya uzamifu. Ulitaka nikueleze, nami nikakueleza kama mtu hajui. Kuna kampuni zinazoshindana kwa kuuza bei ya chini, nikakuambia, na kuna zinazoshindana kwa kutengeneza kitu bora na kutafuta wateja wapya wa mbali. Nilitaka kujua kama mkakati wa biashara unaochaguliwa na kampuni una uhusiano na jinsi inavyotunza maji, hewa na ardhi. Nilidhani uhusiano upo. Nilidhani kampuni inayotazama mbali kibiashara itatazama mbali hata mtoni. Ulifikiri kidogo, ukasema ni swali zuri, kisha ukaniuliza nitajuaje. Nikakuambia nina hojaji.

Hojaji yenyewe ilikuwa ya kurasa nyingi. Nilizunguka nayo kati ya Bungoma na Kitale, kwenye viwanda vya maziwa, vya kusaga mahindi, vya kahawa, na hatimaye kwenye kiwanda chako. Niliandika barua ya kuomba ruhusa wiki tatu kabla, kama tulivyofundishwa. Mimi na wewe tulikubaliana kwamba tukikutana mle ndani hatujuani, ili asije mtu akasema nimependelea.

Meneja mpya alikuwa mtu wa heshima. Alinipokea mwenyewe mlangoni, akanionyesha sera ya mazingira ya kampuni, imewekwa kwenye fremu juu ya kiti cha wageni. Alinieleza kwamba wamepata wanunuzi wa ng'ambo wanaotengeneza viatu, watu wanaouliza ngozi imetokea wapi na maji yake yameenda wapi. Alizungumza juu ya miaka kumi ijayo kwa uhakika, kama mtu anayesema juu ya kesho. Kila alichosema kilikuwa kama nimekiandika mimi. Halafu akanipeleka mabwawani. Mashine zilikuwa zikivuma. Wewe ulikuwa umesimama pale na gambuti na kofia ya kiwanda, na meneja akasema, "Huyu ndiye fundi wetu wa siku nyingi." Ulinipa mkono kama unavyompa mgeni. Sikuangalia kama bwawa la tatu bado lina bata. Niliweka alama ya juu kabisa kwenye kila swali, nikatoka pale moyo mweupe.

Jioni nilikuja kwako kula. Anti Grace, mke wako, alikuwa amepika mrenda na ugali wa wimbi, nami niliongea bila kupumzika. Nilisema nimepata mfano wa kuwekwa katikati ya tasnifu yangu, kampuni inayoonyesha wazi kwamba mkakati mzuri huzaa mazingira mazuri. Nilisema na wewe ujivunie. Uliendelea kula. Anti Grace alikutazama mara moja, akainuka akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Uliniuliza kama walijua nakuja. Nikasema ndiyo, niliandika barua. Ulimaliza chakula chako, ukanawa. Ndipo uliposema, "Lala hapa. Asubuhi twende na wewe, lakini si kwa geti."

Tulitoka jua likiwa limeshapanda kidogo. Zamu yako ilikuwa ya mchana siku ile. Tulipita njia ya chini inayofuata kijito, nyasi zikatulowesha mpaka magotini. Tulipita kwa Mama Chebet, mjane anayefuga ng'ombe wachache chini ya kiwanda. Tulimkuta akitoka kwenye kisima cha kanisa, mbali kule juu, amebeba maji ya ng'ombe kwa kichwa, na kijito kinapita hatua chache tu kutoka zizini kwake. Alikusalimia vizuri, akakuuliza habari ya Anti. Alikupa kikombe cha maziwa, ukanywa umesimama. Mimi nilimuuliza kwa nini asinyweshe pale chini. Alisema ng'ombe walikataa siku nyingi, na aliyewahi kunywa aliharibu mimba.

Tulipanda hadi nyuma ya ua wa kiwanda, mahali ambapo mabwawa yako upande wa pili wa mabati. Ukasimama.

"Unasikia nini?" ukaniuliza.

Nilitega sikio. "Sisikii kitu."

"Basi. Hiyo ndio lipoti yako."

Ulisema "lipoti", na siku nyingine ningekucheka, ingawa mimi mwenyewe nikichoka darasani r na l hunichanganya vilevile. Siku ile sikucheka. Mashine zilikuwa zimezimwa. Ulinieleza taratibu, ukitazama mabati, si mimi. Tangu meneja mpya aingie amri ilikuwa ya mdomo tu, haijawahi kuandikwa popote: umeme ni ghali, washa wageni wakija, zima wakiondoka. Barua yangu ya kuomba ruhusa ndiyo iliyoziwasha. Uliambiwa tarehe yangu wiki tatu kabla, ukawasha siku mbili mapema ili povu liwe zuri.

Nilikuuliza kwa nini hukuniambia. Ulisema ulikuwa unangoja uone kama nitaligundua mwenyewe. Kisha ukasema, "Si mtu mwingine alizima. Ni huu mkono." Ukanyoosha mkono wa kulia, ukautazama, ukaurudisha mfukoni.

Ulinihesabia sababu zako moja baada ya nyingine bila kujitetea. Kwanza watoto walikuwa shule. Halafu nyumba ya Matulo ilikuwa haijaezekwa. Halafu ulijiambia ukikataa ataletwa mwingine atakayekubali, na mabwawa hayatakuwa na mtu anayeyajali hata kidogo. Ulisema kila mwaka ulikuwa na sababu, na kila mwaka ilikuwa ya kweli.

"Wewe andika," ukaniambia. "Ukitaka, weka na jina langu."

Nikakuambia watakufukuza, na umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Ulisema hilo umeshalifikiria usiku mwingi kuliko mimi. Nilirudi Bungoma na daftari langu, mna kurasa mbili zilizofuatana, moja ya siku mashine zilipovuma na moja ya siku zilipokuwa kimya.

Sikuandika. Nilikaa na kurasa zile mbili kwa miezi. Mwishowe, katika tasnifu nzima, kiwanda chako kilipata mstari mmoja, kwamba kampuni moja iliondolewa kwenye uchambuzi kwa kuwa taarifa zake hazikukamilika. Nilikupigia simu nikakuambia nimekitoa kwa ajili yako, ili usipoteze kazi. Ulishusha sauti, wewe uliyezoea kupiga kelele kwenye simu. Kisha ukasema, "Sawa, mama. Asante kwa kunifikiria."

Neno lile asante nimelibeba mpaka leo.

Siku ya mahafali ulikuja umevaa suti ya kijivu, ile uliyoshonesha kwa harusi ya binti yako. Mama alilia. Wewe ulinishika mabega ukanitazama na joho langu kwa muda, halafu ukaniuliza chinichini kama kile kitu chetu kiliandikwa mahali popote. Nikakuambia hapana. Uliitikia kwa kichwa, ukaniambia nisimame vizuri tupigwe picha. Ninayo picha ile. Umetabasamu kuliko mtu yeyote ndani yake.

Ulistaafu salama. Nilifurahi, nikajiambia kwamba nilifanya uamuzi mzuri, na tazama, mjomba wangu yuko nyumbani na pensheni yake. Nikapanda cheo. Makala yaliyotoka kwenye tasnifu ile yalisomwa na watu wa vyuo vingine, nikaalikwa kuzungumza hapa na pale, hata siku moja kwenye kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga, mbele ya wakulima na wenye viwanda vidogo. Nilisimama nikawaambia kwamba kampuni yenye mkakati mzuri hutunza na mazingira. Wakaandika.

Halafu kiwanda kikaomba kibali cha kujipanua. Sheria inataka wananchi wasikilizwe, kwa hiyo kikaitishwa kikao kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo chini ya kiwanda. Ulinipigia simu ukaniambia nije. Hukusema kwa nini. Nilifika nimechelewa kidogo nikakaa nyuma, na kwenye mkoba nilikuwa na lile daftari. Mpaka leo sijui kwa nini nililibeba.

Meneja alizungumza vizuri kama kawaida yake. Afisa wa mazingira akauliza kama kuna mwenye neno. Wewe ukasimama. Ulivua kofia, ukajitambulisha kwa jina lako na la baba yako, ukasema kazi uliyoifanya na miaka uliyoifanya. Kisha ukasema, bila kupandisha sauti, kwamba mashine za bwawa la kati huwashwa wageni wakija na huzimwa wakiondoka, na kwamba aliyekuwa akizizima ni wewe.

Aliyesimama wa kwanza hakuwa meneja. Alikuwa Mama Chebet.

"Miaka yote hiyo," alisema, "ulikuwa unapita kwangu asubuhi. Nilikuwa nakupa maziwa."

"Ni kweli, mama," ukajibu. "Na nilikuwa nakunywa."

Ulibaki umesimama ili wanaotaka kukutazama wakutazame. Watu wakaanza kunong'ona, na mmoja upande wa kulia akasema kwa sauti ati sasa umekula pensheni ndio unakumbuka kusema. Meneja aliinuka, akasema kwa upole kwamba haya ni maneno ya mzee aliyestaafu na kinyongo, na kama yana ukweli basi alete karatasi. Afisa akakugeukia akakuuliza kama una karatasi yoyote. Ukasema huna, amri ilikuwa ya mdomo.

Karatasi ilikuwa mkobani, mapajani mwangu, Mjomba. Kurasa mbili, zenye tarehe, kwa mwandiko wa mhadhiri wa chuo kikuu. Hukugeuka kunitazama. Ulijua nimekaa wapi, maana uliniona nikiingia, lakini hukugeuka hata mara moja, na nilielewa kwamba hutaki kunilazimisha. Nilikaa kimya mpaka kikao kikafungwa kwa sala.

Tulipokuwa tukitembea kurudi kwako nilianza kukuomba radhi. Ulinikatiza. Ulisema mimi nina kazi yangu na maisha yangu mbele, na lile lilikuwa lako la kusema. "Wewe ulinifikiria," ukasema tena.

Mengine unayajua kuliko mimi, ila nayaandika kwa ajili ya wasomaji. Maafisa walikuja kiwandani mara mbili bila taarifa, na mara zote mbili wakakuta kimya. Upanuzi ukazuiwa. Kiwanda kikaagizwa kiziwekee mashine zile mita yake ya umeme, na kila Jumatatu kibandike usomaji wa mita getini, mahali anapoweza kusoma mpita njia yeyote. Meneja alihamishwa. Haya hayakutokea haraka, na wakati yakingojewa, wewe uliishi miezi mingi bila kusalimiwa. Anti Grace alikuwa akinunua maziwa mjini. Fundi mwenzako wa zamani alivuka barabara alipokuona. Ulikuwa ukinisimulia hayo kwenye simu kwa sauti yako ya juu, kana kwamba unasimulia habari za mvua.

Kisha asubuhi moja Mama Chebet alikuja hadi mlangoni kwako. Hakuzungumzia kikao. Alisema kijito kimeanza kuonekana tofauti, na kwa kuwa wewe unayajua maji yale kuliko mtu mwingine, uje umwambie kama ng'ombe wanaweza kunywa. Ulienda. Ulimwambia bado, asubiri. Ulirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ikawa kazi yako ya kila Jumamosi. Siku ng'ombe wa kwanza alipokunywa ulinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa darasani, nikatoka nje kupokea. Ulisema tu, "Amekunywa," ukakata.

Mwaka jana ulianguka ukiwa shambani Matulo, na hospitalini hukukaa hata siku tatu. Tulikuzika kando ya baba yako. Mama Chebet alisafiri kutoka Kitale na wanawake wengine wawili wa kule chini, akakaa na Anti Grace siku mbili za msiba. Mimi nilisoma wasifu wako mbele ya watu. Nilisema ulikuwa mtu mkweli. Nilipofika kwenye mstari huo sauti ilikatika, watu wakadhani ni majonzi.

Sasa nakuambia nilichokuficha.

Sikukiondoa kiwanda chako kwenye utafiti kwa ajili yako. Nilijiambia hivyo, nikakuambia hivyo, na kazi yako niliihofia kweli, siwezi kusema sikuihofia. Lakini kabla ya kuamua nilifanya hesabu mara mbili. Nilikiingiza kiwanda chako na alama zake za kweli, mkakati bora kuliko wote na maji mabaya kuliko yote, na jedwali langu likavunjika. Uhusiano niliokuwa nimeutafuta kwa miaka minne haukuonekana tena. Nilikitoa, na jedwali likasimama. Nilikaa nikitazama jedwali zuri, kisha nikakupigia simu nikakuambia nakulinda. Ningeweza kukulinda kwa njia nyingine, ningeweza kuficha jina la kiwanda, mji, hata aina ya bidhaa. Watafiti hufanya hivyo kila siku. Nilichagua njia iliyonifaa mimi nikakuletea kama zawadi, nawe ukanishukuru mara mbili.

Ulikufa ukiamini kwamba nilikufikiria.

Baada ya mazishi nilirudi kwenye mafaili yangu nikakirudisha kiwanda mahali pake. Nikarudi pia kwenye viwanda vingine, safari hii bila kuandika barua wiki tatu kabla, na sikuanza na mameneja. Nilianza na wanaoshika swichi, wanaosafisha mitaro, wanaoishi chini ya bomba. Wengi walinieleza kwa urahisi kabisa. Walikuwa wakingoja kuulizwa. Nilikuta kiwanda cha maziwa kisicho na sera yoyote ya maandishi wala mpango wa miaka kumi, maji yake safi, na nilipomuuliza mwenye kiwanda kwa nini, alishangaa swali, akasema mama yake anaishi pale chini. Nilikuta vingine vyenye mikakati mizuri na mito mizuri, kwa sababu navyo vipo. Jibu langu jipya si zuri la kusimama nalo jukwaani. Linasema kwamba mkakati wa kampuni ulinionyesha inachotaka wateja wake waone, na kwamba kuhusu mto sikuwa nimemuuliza mtu yeyote anayeujua.

Nilimwandikia aliyekuwa msimamizi wangu wa masomo nikamweleza yote. Alinipigia simu, akaniuliza kama najua nitakachopoteza. Nikasema sijui vyote. Makala ya kwanza yameondolewa kwa ombi langu. Shahada bado inajadiliwa na kamati ya chuo, na cheo nilichokuwa nimeombewa kimesimama. Ukurasa wa mwanzo wa makala mapya umetaja jina lako kwa ruhusa ya Anti Grace na watoto, kwa kuwa wewe ulikuwa umeshaitoa yako siku ile nyuma ya mabati.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kitale kumwambia Anti, maana sikutaka aisome barua hii kabla hajaisikia mdomoni mwangu. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Nilimweleza habari ya jedwali, kwa shida, nikirudiarudia. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Hata yeye kila siku alikuwa na sababu nzuri." Kisha akanisogezea ungo, nikakaa nikachambua naye.

Mjomba, sikuombi unijibu, na msamaha siuombi kwa mtu ambaye hawezi kukataa kuutoa. Wewe uliyasema yako umesimama, kofia mkononi, mbele ya watu waliokupa maziwa. Mimi yangu nimeyaandika nimekaa, mlango umefungwa, na najua si sawa. Mwezi ujao watu wa kule chini wanakutana tena kwenye uwanja wa shule kusikia habari za mabwawa. Mama Chebet alinialika nije niwaeleze makala mapya kwa lugha rahisi. Nimemwambia nitakuja, lakini kabla ya makala kuna jambo nataka kuwaambia, la siku ile nilipokaa nyuma. Ameniuliza ni jambo gani. Nimemwomba anisubiri mpaka niwe nimesimama.

Nakuaga kwa upendo na kwa aibu, vyote pamoja.

Mpwa wako,
Nekesa